MJADALA: Je, jeshi liilipe timu ya besiboli ili wanajeshi wapigiwe makofi?

Wadau, hasa mlioko Marekani na mnaoingia viwanjani, naomba tulijadili hili. Mimi msimamo wangu ni kwamba si sawa, na nasema hivyo kwa sababu nawaheshimu wanajeshi.

Mnajua inavyokuwa. Mchezo unasimama, kamera inamtafuta askari mwenye gwanda, jina lake linatokea kwenye skrini kubwa, uwanja mzima unainuka. Kule San Diego, mji wenye kambi kubwa za kijeshi, timu ya besiboli ya Padres huvaa jezi za mabakamabaka siku za Jumapili, na kuruti wa Marine, kikosi cha wanamaji, huketi pamoja majukwaa ya juu. Wimbo wa kikosi chao ukipigwa, watu hushangilia kwa moyo wote. Inagusa, sikatai. Wala si jambo la jana: kwenye World Series (fainali ya ubingwa wa besiboli) ya 1918, vita vikiwa bado vinapiganwa Ulaya, bendi ilipiga The Star-Spangled Banner, ambao sasa ni wimbo wa taifa, katika awamu ya saba pale Chicago, na Fred Thomas wa Boston Red Sox, aliyekuwa likizo kutoka jeshi la majini, akapiga saluti papo hapo.

Kilichonichefua ni ripoti ya mwaka 2015 ya maseneta John McCain na Jeff Flake. Walikuta Wizara ya Ulinzi imetumia dola milioni 6.8 hivi kuzilipa timu za michezo mbalimbali kwa shughuli za aina hii. Timu ya besiboli ya Milwaukee Brewers ililipwa dola 49,000 na Gadi ya Taifa (jeshi la akiba) ya jimbo la Wisconsin, na ndani yake umo udhamini wa wimbo wa kizalendo wa God Bless America siku za Jumapili. Mashabiki waliovua kofia na kuweka mkono kifuani hawakuambiwa kwamba ule ni mkataba. Na asije mtu hapa kusema wakosoaji wanachukia jeshi. McCain alikaa mateka Vietnam zaidi ya miaka mitano!

Najua hoja ya upande wa pili: tangu 1973 hakuna anayelazimishwa kujiunga, kwa hiyo jeshi lazima lijitangaze. Sawa, linunue bango, liweke meza ya kuandikisha vijana getini. Tangazo lijulikane ni tangazo. Lakini mama aliyemzika mwanawe akisimamishwa katikati ya uwanja, asitumiwe kumvutia kijana wa miaka 18.

Kuna na hili la kulazimishana. Mwaka 2004 Carlos Delgado wa Toronto Blue Jays, mzaliwa wa Puerto Rico, alikataa kusimama God Bless America ukipigwa, akipinga vita vya Iraq. Kwao, kisiwa cha Vieques kilifanywa uwanja wa mazoezi ya mabomu ya jeshi la majini kwa miongo mingi hadi 2003. Mashabiki wa New York walimzomea. Mimi nasema alikuwa na haki kamili ya kubaki kwenye benchi.

Timu ikitaka kumheshimu askari, imheshimu kwa fedha yake. Kama kuna aliyelipia, skrini ile ile iandike jina lake.

Ndugu zetu mliovaa gwanda hilo, nyie ndio nataka kuwasikia zaidi: ungeambiwa makofi uliyopigiwa yalikuwa kwenye ankara, ungejisikiaje?