Tupeane uzoefu: nani anakula samaki wa bwawa lako, na umemzuiaje?

Mwanzisha mada, Fuoni
Assalamu alaykum. Nina bwawa la saruji uani, mita 3 kwa 2, maji yanafika magotini. Nilitia perege 40 wa urefu wa kidole. Wiki ya tatu sasa wanapungua, na juzi nilipobadilisha maji nimehesabu 17. Nilikuwa nikigonga ukingo kwa kopo la pumba wanakuja mbio. Siku hizi nagonga, wamejibanza wote chini ya bomba, hata mmoja hajitokezi. Linaniuma sana. Aliyewahi kuibiwa atueleze: mwizi alikuwa nani, ulimjuaje, ulimfanyaje?

Wete
Pole sana dada. Usinunue kitu kabla hujamjua mwizi. Mimi miezi miwili nilimsingizia paka wa jirani mpaka tukanuniana. Shemeji yangu akanambia nimwage jivu la jikoni kuzunguka bwawa, nilichekeche kama unga, jioni mara moja na asubuhi mara moja. Jivu la usiku likaamka safi. La mchana, niliporudi msikitini baada ya adhuhuri, nikakuta nyayo za makucha marefu kulia na kushoto, na katikati mfuo mmoja umepindapinda kama mtu kaburuta kamba. Ule ni mkia. Kenge.

Kenge hutembea mchana jua likiwaka, usiku amelala. Samaki wakipotea usiku, tafuta ngawa au paka. Jirani nilimwendea siku ile ile nikamwomba radhi.

Wavu wa juu haukumzuia, alipenya chini yake. Nikazungushia mabati, nikayafukia shubiri nzima ardhini, na juu yakabaki yananifika kiunoni. Ukuta wa mawe anaupanda, bati hapati pa kushika kucha. Ila angalia mti usiwe karibu, atashukia humo.

Mwera
Kwangu alikuwa korongo. Nilimjua kwa samaki waliomponyoka: walikuwa hai, lakini mgongoni wana tundu moja, kama waliochomwa na msumari, na magamba yamefumuka pembeni mwake. Ukiona hivyo usihangaike na jivu.

Korongo hapigi mbizi. Anatua pembeni, halafu anaingia majini kwa miguu, pole pole, anasimama hata nusu saa. Bwawa langu lilikuwa na mteremko, nimemjengea ngazi kwa mikono yangu mwenyewe. Nililivunja upande huo nikasimamisha ukuta wima, kina nikakifikisha mita 1. Kisha nikapigilia vijiti ukingoni na kuzungusha mshipi wa kuvulia, wa kwanza shubiri moja kutoka chini, na wa pili juu yake. Mguu ukigusa kitu asichokiona anashtuka na kuruka.

Na kitu kimoja zaidi: babu yangu alikuwa na dema kuukuu, mdomo umeshalika. Nikalizamisha. Sasa kivuli cha ndege kikipita tu, perege wote wamo ndani ya dema. Mtego ulioua samaki maisha yake yote umekuwa nyumba yao, na mimi kila nikiutazama namkumbuka mzee.

Chake Chake
Mimi nataka niwaonye kuhusu wavu. Nilipata kipande cha wavu kutoka kwa wavuvi nikakitandaza juu ya bwawa, kikalegea mpaka kikagusa maji. Asubuhi nikakuta yangeyange amejiviringa humo, ameshakufa, bawa limekatika. Yule ndege hata samaki wangu hakuwa akiwafuata, alikuja kwa wadudu wa majanini. Sikupenda kabisa nilichokifanya. Wavu uwambwe ukakamae kama ngozi ya ngoma, juu ya maji si chini ya shubiri mbili, na ukaguliwe kila siku. Na tafadhali, asije mtu hapa kushauri sumu. Sumu inaua paka wa watu na inaingia majini.

Bububu
Wanangu, msiwasahau kunguru. Hawa weusi wenye shingo ya kijivu si wa kwetu, waliletwa Unguja kutoka Bara Hindi miaka ya 1890 wale taka za mjini, wakazaana. Ukipunguza maji kusafisha bwawa, usiondoke hata kupokea simu. Mimi niliondoka.

Kizimbani
Dada wa Fuoni, hao samaki wako alfajiri huwa juu wanapapia hewa? Kama pumba ni nyingi zinaoza chini, na usiku hewa ya majini inapungua. Wanapanda juu wenyewe saa ile ile korongo anapokuja. Punguza chakula, toa tope. Na kama una tawi linaloning'inia juu ya maji likate, mdiria hukaa hapo akichagua vitoto.

Mwanzisha mada, Fuoni
Allah awalipe nyote. Siku nne nimemwaga jivu, usiku safi, mchana safi. Leo baada ya sala ya alfajiri nimekaa dirishani jikoni bila kuwasha taa. Kweli samaki walikuwa juu, midomo wazi. Na korongo alikuwa ameshasimama ndani ya bwawa, kimya. Nilipofungua mlango alikuwa ameshameza mmoja.

Nimetoa ndoo sita za tope jeusi, linanuka kama yai viza. Fundi wa kuongeza kina anakuja Jumamosi, kwa sasa nimefunga mshipi. Wa Mwera, wa pili uliufunga umbali gani kutoka wa kwanza?

Mwera
Shubiri moja nyingine. Na uukaze, ukilegea anaukanyaga.