Kengele nyepesi au ya kawaida: tarumbeta ipi inaitika haraka?

Mpuliza_Moshi: Wakuu, shikamooni. Napiga kwaya ya tarumbeta kanisani. Nachagua kati ya mbili zilizotumika, zote chapa ya Bach Stradivarius, kengele (ile sehemu ya mbele iliyopanuka, sauti inapotokea) aina ya 37, bei moja. Moja kengele yake nyepesi, nyingine ya kawaida. Nyepesi ukiigusa tu kwa ulimi imeshaitika. Ya kawaida sauti ndogo inaikatalia, ila nikipuliza kwa nguvu sauti haichaniki. Nichukue ipi?

Kibuyu: Nyepesi, usijiulize. Shaba nyembamba inatetemeka, unaisikia hadi vidoleni.

FundiVali: Kabla ya kulaumu shaba, tafuta pumzi inakovujia. Vuta bomba la vali ya 1 (kitufe cha kwanza) bila kubonyeza vali, subiri kidogo, halafu bonyeza. Ikilia "po", haivuji. Ikikaa kimya, vali zimelika. Rudia kwa vali nyingine. Angalia na kizibo cha koki ya mate (kitundu cha kutolea mate). Nimeshaona tarumbeta "nzito" ikifufuka kwa kizibo kisichofika nauli ya daladala. Tena tumia mdomo mmoja (kile kipande cha kupulizia kinachochomekwa) kwa tarumbeta zote mbili, uone unaingia kiasi gani. Mdomo huo ukizama sana au ukibaki nje, nafasi kati ya ncha yake na bomba inabadilika, na wewe utaapa kengele ndiyo mbaya.

Dada_Tromboni: Fundi kasema. Miaka ya 1980 Richard Smith, mtengenezaji wa Uingereza, aliwapa wapiga tromboni kengele za umbo moja, unene tofauti, bila wao kujua ipi ni ipi. Walishindwa kuzitofautisha. Umbo la ndani ndilo lenye neno kubwa, hasa bomba la mdomo (lile mdomo unamochomekwa), maana hapo ni pembamba na kosa dogo linasikika.

Kibuyu: Kwa hiyo vidole vyangu vinanidanganya?

Dada_Tromboni: Hapana kaka. Mtetemo upo, ila unakufikia wewe, si muumini wa benchi la nyuma. Nao si kitu cha kudharau: ukihisi inaitika, ulimi hausiti.

Mpuliza_Moshi: Nimerudi. Vali zote zimelia "po". Kizibo cha mate cha ile ya kawaida kilikuwa kimeliwa! Nimeweka kipya, sauti ndogo inatoka bila kubembelezwa. Nimechukua hiyo. Nyepesi bado iko dukani, Kibuyu.