Ndugu yetu aliuawa, sasa wazee wa upande ingine banataka tusaini karatasi. Familia iko na haki gani?

dada_katuba

Bandugu ya Lubumbashi, hapa Kongo, na bengine bote, naomba musaada ya mawazo. Mudogo wangu aliuawa hapa Katuba. Alikuwa anatembeza taksi moto (pikipiki ya abiria), na mutu moja tunamujua vizuri alimupiga na chuma usiku juu ya deni, batu baliona, munganga naye aliandika yote mu raporo. Yule mutu akakamatwa, tukaambiwa dosie (faili ya kesi) imepanda ku parke (ofisi ya bendesha-mashtaka), tukatulia juu tulijua sheria iko inafanya kazi yake. Sasa juzi bibi ya marehemu anakutana naye mu soko, uso kwa uso, anachagua samaki. Kumbe iko inje!! Hakuna mwenye alituita, hakuna mwenye alituambia kitu.

Na sasa wazee ya kwabo bamekuja na bahasha, pamoja na karatasi imekwisha kupigwa ku mashini, inasema familia "inaondoa mashtaka yote na haitadai kitu tena." Baba mudogo yangu na bakubwa bengine beko tayari kusaini. Mama hataki kabisa. Bibi ya marehemu hata hakuna mwenye alimuuliza, banasema hana neno juu ndoa yabo ilikuwa ya kimila tu, haikuandikwa ku komini (ofisi ya serikali ya mtaa), na iko na batoto batatu. Naomba kujua, tukisaini kesi imekufa? Sisi familia tuko na nafasi mu ile kesi ao ni mambo ya Serikali na yule mutu tu? Na avoka (wakili) tutamulipa na nini, juu kila tukienda kuuliza dosie banatuomba pesa ya mafuta ya gari.

avoka_mdogo

Dada pole sana kwako na kwa mama. Mimi ni avoka hapa mjini, nitajibu vile ninavyoweza bila kuona dosie.

Ile karatasi kwanza. Kuua kwa kusudi ni kosa la kifungu cha 43 na 44 cha kodi penale (kitabu cha sheria ya makosa ya jinai), adhabu yake ni kifungo cha maisha, na kama alipanga mbele ya kuua ni kifungu cha 45, hiyo ni adhabu ya kifo. Kesi ya namna hiyo si mali ya familia yenu wala ya familia yake, ni ya Serikali, parke ndiyo inaibeba, kwa hiyo hata mukoo muzima ukisaini parke inaweza kuendelea na inapaswa kuendelea. Kitu munachoweza kupoteza ni haki yenu ya kudai fidia, maana hiyo ni yenu na munaweza kuiacha kwa saini yenu. Soma tena ile sentensi "haitadai kitu tena", imewekwa pale kwa makusudi. Na tena nawaambia wazi, karatasi kama ile inaenda kuwekwa mu dosie ili mtu mwenye alitaka kuilaza apate sababu ya kuilaza.

Kuwa inje haina maana amesamehewa. Pengine amepewa liberte provizwari (kama dhamana), ni ya muda, iko na masharti, kama anayavunja ao anasumbua mashahidi parke inaweza kumrudisha ndani. Pengine pia dosie "imepangwa bila kufuatwa", lakini hata hiyo si hukumu, parke inaweza kuifungua tena maadam muda haujapita, na kwa kosa kubwa kama hili muda ni miaka 10. Ndiyo maana kitu cha kwanza ni kujua dosie iko wapi. Enda ku parke uombe namba ya RMP, ndiyo namba ya dosie yenu mu rejista ya parke. Usiulize "kesi yetu imefika wapi", hiyo swali kila mutu anaijibu vile anataka. Omba namba, uiandike. Kisha andika barua kwa Procureur de la République (mukubwa wa ile parke), weka ile namba juu, kopi kwa Procureur Général (mukubwa wake), na kopi yako ipigwe muhuri na tarehe ya kupokelewa. Barua yenye muhuri haiombi mafuta ya gari.

Na nafasi yenu mu kesi iko, inaitwa parti sivili, ni kusema upande wa wenye waliumizwa na kosa na wanadai fidia. Kesi ikifika ku tribinali (kwa mauaji ni TGI, Tribunal de Grande Instance, si Tripe, ile ya makosa madogo) munajiandikisha ku grefe (ofisi ya karani wa tribinali) ao munasimama siku ya odiansi (siku ya kusikiliza kesi) na kutangaza, wakati wowote mbele ya majadiliano kufungwa. Kutokea hapo munaleta mashahidi, munauliza maswali, avoka wenu anasema. Sheria inamuruhusu juje (hakimu) atoe fidia hata bila kuombwa, lakini tafadhali musikae mukitegemea hiyo.

papa_ruashi

Mimi sitaki kubishana na avoka, lakini tuwahurumie pia hao bakubwa. Mufu harudi, batoto banakula leo, kesi ya hapa kwetu inaweza kuchukua miaka na kila odiansi inaahirishwa. Mu desturi yetu familia ya muuaji kuja kuinama mbele ya wafiwa si dharau, ni heshima. Mukikataa bahasha munaweza kupata vita mu kartie.

avoka_mdogo

Papa, nakuheshimu, na sijasema wakatae kuinamiwa. Musaada ya matanga munaweza kupokea, muandike tu karatasi yenu wenyewe: "tumepokea kiasi fulani kwa ajili ya mazishi", basi, bila neno la kuacha mashtaka wala la kutodai tena. Wakikataa kutoa kwa masharti hayo mutakuwa mumejua pesa ilikuwa ya nini.

Na yule mama mwenye batoto batatu, hapa nitasema kwa sauti kidogo. Kusimama parti sivili si kugawana urizi. Munaonyesha tu kwamba kile kifo kimewaumiza, kwa mali ao kwa moyo. Mama mzazi anadai kwa jina lake, bibi kwa jina lake, batoto kwa jina lao, na baba mudogo hana haki ya kusaini mahali pa mutu yoyote kati yao. Ndoa ya kimila atafute mashahidi wa mahari, batoto cheti cha kuzaliwa, na wote cheti cha kifo. Nimeona mara nyingi fidia inatoka mukononi mwa wajomba na mujane hata nauli ya kurudi nyumbani hana, kwa hiyo jina lake liandikwe kuanzia mwanzo, peke yake, si chini ya "familia".

mwana_bukavu

Kutoka Bukavu, poleni sana. Nataka kumwambia papa juu ya hiyo "miaka". Floribert Chebeya, mutetezi wa haki za binadamu, na Fidèle Bazana, dereva wake, waliuawa Kinshasa mwezi wa 6 mwaka 2010. Mwili wa Bazana mpaka leo haujaonekana. Wajane wao na watoto walisimama parti sivili, kesi ya kwanza ikaishia kwa hukumu yenye haikuwaridhisha, wakaendelea, na mwaka 2020 polisi mukubwa mwenye alikuwa anatafutwa akakamatwa kule kwenu Lubumbashi. Haute Cour Militaire (tribinali ya juu ya kijeshi) ikamuhukumu mwezi wa 5 mwaka 2022, adhabu ya kifo. Miaka 12. Ni mingi, najua, lakini kama wale wamama wangesaini karatasi pengine hakuna mwenye angeuliza tena.

Kwenu Katanga pia kuko Kilwa. Batu zaidi ya 70 waliuawa na jeshi mwaka 2004, tribinali ya kijeshi Lubumbashi ikaachilia wote mwaka 2007 kwa yale mauaji, watetezi pamoja na ACIDH, shirika la haki za binadamu la pale pale Lubumbashi, wakapeleka ku Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu, na mwaka 2017 Tume ikasema Kongo ina makosa, ilipe dola milioni 2,5 kwa wahanga 8 na familia zao. Hukumu si malipo, lakini jina la mufu limeandikwa mahali penye halifutiki.

Swali moja dada, yule mutu ni polisi ao soda (askari wa jeshi)? Kama ni hivyo munabadilisha mulango, ni oditora ya kijeshi (bendesha-mashtaka ya jeshi), si parke.

dada_katuba

Asante sana kwenu bote. Hapana, ni sivili, anauza vipuri. Baba mudogo nimemusomea majibu yenu yote kwa sauti, amekasirika lakini amesema hatasaini mpaka mama akubali. Ile ya shemeji kudai kwa jina lake hakuna mwenye alituambia kabla, alilia. Bado ile ya pesa ya avoka?

avoka_mdogo

Baro (chama cha mawakili) ya Haut-Katanga, kama kila baro, inapaswa kuwa na biro ya konsiltasio (ushauri) ya bure kwa wenye hawana uwezo, sheria ya mwaka 1979 juu ya mawakili inalazimisha hivyo. Shemeji aende kwanza Afera Sosiale (ofisi ya ustawi wa jamii) aombe atestasio ya indijansi (cheti cha kuonyesha hana uwezo), aibebe pale, waombe avoka wa pro deo (wa bure). Ile atestasio aitunze, itamusaidia tena ku mwisho juu ya droa proporsionele, ile pesa wanaiomba mbele ya kukupa hukumu ya fidia, wengi wanashinda kesi na wanakwama pale.

Na hukumu ikitoka haijawapendeza upande wa fidia, apeli (rufaa) ni ndani ya siku 10. Kumi tu. Juu ya adhabu yenyewe ni parke ndiyo inakata apeli, kwa hiyo siku ile ile mumuandikie procureur.

mama_kampemba

Dada, naongeza kidogo, nilipita njia hiyo kwa ajili ya mtoto wangu. Mashahidi wenu muwatembelee sasa, musingoje odiansi, juu batu banahama, wengine wanaenda Kolwezi kutafuta kazi, wengine banatishwa. Andika majina na namba zao. Mesaje zote za vitisho usifute, pigeni kopi na muipeleke ku parke pamoja na ile barua. Na siku ya kwenda musiende mutu moja, muende mama, shemeji na wewe, batatu, hata kama wanawaambia mukae inje. Ukitaka nitakuja pamoja nanyi, niandikie inbox.