Zahanati za Moshi: acheni kutuambia "dawa haijaletwa", semeni mliagiza ngapi

Wakuu, heshima kwenu. Uzi huu ni mkali kidogo. Mwenye presha anywe maji kwanza, maana dawa ya kuishusha haipo.

Kila mwaka hoteli za Arusha zinajaa warsha za kuimarisha afya ya msingi, huduma zinazomjali mtu kwanza, na maneno mengine matamu. Azimio la afya ya msingi la Alma-Ata la 1978 litatajwa, la Astana la 2018 litatajwa, sambusa zitaliwa. Kisha panda hiace mpaka zahanati ya kata yako hapa Moshi, uliza dawa ya presha. "Haijaletwa, kanunue hapo nje." Kituo sitakitaja. Wahusika wanajijua, na wala si kimoja.

Hilo neno "haijaletwa" ndilo linalonichefua. Dawa siyo mvua. Inaagizwa, na inaagizwa kwa hesabu ambayo mtoto wa darasa la saba anaiweza. Tuifanye hapa hapa.

Tuseme zahanati ina wagonjwa 60 wa presha, kila mmoja anameza kidonge 1 kwa siku. Siku 60 zinahitaji vidonge 3,600. Stoo ilikuwa na 1,200, vikaisha siku ya 20. Siku 40 zilizobaki rafu ni tupu. Muda wa kujaza fomu ya ripoti na maombi ukifika, mjazaji anaandika matumizi: 1,200. Pale pa siku ambazo dawa haikuwepo anaweka 0, akafunge kazi aende nyumbani. Anayepokea oda huko juu anaona kituo kinachotumia vidonge 1,200 tu, hana sababu ya kuwaza zaidi. Mzigo unakuja kwa kipimo hicho, unaisha tena siku ya 20. Mzunguko wa tatu wagonjwa wengine wameshakata tamaa, hawaji, matumizi yanashuka hadi 700, na oda inashuka nayo. Kituo kinajinyonga kwa kalamu yake chenyewe, halafu dirishani tunaambiwa serikali haijaleta.

Hesabu sahihi: 1,200 gawanya kwa 20, zidisha kwa 60. Jibu 3,600. Ongeza akiba, toa kilichopo stoo, peleka oda.

Na kilichopo stoo kihesabiwe kwa mkono, siyo kusomwa kwenye leja. Leja itasema makopo 4, ukifungua kabati unakuta 2, moja limepita muda. Dawa ilitoka usiku, muuguzi akaitwa leba, akasema ataandika asubuhi. Hapo muuguzi simlaumu hata kidogo. Ikama ya 2014, yaani mwongozo wa idadi ya watumishi, ilitaka zahanati iwe na watumishi wasiopungua 15. Nenda kawahesabu wa kwenu, vidole vya mkono mmoja vinaweza kubaki. Haohao ndio wanaojaza vitabu vya MTUHA, yaani vya takwimu za kituo: cha 5 wagonjwa wa nje, cha 6 wajawazito, cha 12 leba, kisha wayaingize yaleyale kwenye kompyuta, umeme ukiwepo. Lawama yangu ni kwa wanaokuja usimamizi na gari, wanasaini kitabu cha wageni, wanaondoka bila kufungua hilo kabati.

Kisingizio cha pili: "Bohari hawana," yaani Bohari ya Dawa ya serikali. Sawa, kuna wakati kweli hawana. Ndiyo maana kuna mfumo wa mshitiri, yaani muuzaji binafsi wa dawa aliyepewa mkataba na mkoa, ulioanzia Dodoma 2014 na kufika mikoa yote 2018. Bohari ikikosa kitu, kituo kinaorodhesha vilivyokosekana, orodha inapita kwa mganga mkuu wa wilaya, mshitiri wa mkoa analeta, kituo kinalipa kwa fedha zake. Inapokwama ni pawili tu: orodha inalala mezani kwa mtu, au akaunti ya kituo ni kavu.

Kuhusu akaunti, wengi hamjui hili: tangu mwaka wa fedha 2017/18 fedha za mfuko wa pamoja wa afya, ule wanaochangia wafadhili, zinaingia moja kwa moja kwenye akaunti ya kituo. Na mipango ya matumizi lazima ipite kwenye kamati ya usimamizi ya kituo, ambayo ina wananchi ndani yake, mganga mfawidhi akiwa katibu tu. Mjumbe wa kamati kwenye mtaa wako unamjua? Mimi nina hakika wengi mtasema hapana, na baadhi ya wajumbe wenyewe hawajui kama ni wajumbe hadi waitwe kusaini mahudhurio.

CHF, ile bima ya afya ya jamii, nayo tuliiua hivyohivyo. Ilipoboreshwa, kaya ya watu hadi 6 ikalipa Sh 30,000 kwa mwaka. Mama analipa, anafika dirishani, anaandikiwa akanunue. Mwaka unaofuata anahuisha ili iweje? Asipohuisha, kituo kinakosa cha kumlipa mshitiri, dawa zinapungua zaidi, na jirani yake naye haoni sababu ya kulipa. Hapohapo wajawazito na watoto chini ya miaka 5 wanatibiwa bure kwa sera, jambo jema kabisa, lakini dawa waliyopewa bure kuna mtu lazima aijaze tena kwenye rafu.

Halafu tunashangaa foleni hospitali kubwa za Mawenzi na KCMC! Bibi kutoka Uru anayehitaji vidonge 30 na kupimwa presha dakika 5 anakaa benchi moja na mtu wa kupasuliwa.

Kupimwa kwenyewe ni kichekesho. Kafu, ule mkanda wa kufunga mkononi, ni moja ya saizi ya kati kwa mikono yote. Mkono mnene ukibanwa na kafu ndogo, mashine inasoma juu kuliko ilivyo, mtu anaanzishiwa dawa isiyomhusu. Na mashine za sukari zipo, za msaada, zimejaa droo. Vipimo vyake vya kuchomeka ni vya mashine ya aina nyingine.

Kwa hiyo wale mnaojiandaa kuja na "tujenge kituo kingine", jengeni. Ila kwanza bandikeni mlangoni: dawa zilizoagizwa, zilizokuja, siku ambazo hazikuwepo.

Jibu #1
Mkuu umegonga penyewe, ila umesahau kitu kimoja. Ukirekebisha matumizi wakati dawa ilikosekana karibu kipindi chote, hesabu inadanganya upande wa pili. Dawa ikiwepo siku 3 tu, watu wote wanaifuata siku hizo 3, ukizidisha unapata mlima, na itaharibikia stoo. Hapo tumia mzunguko wa nyuma ambao dawa ilikuwepo, au hesabu wagonjwa kwenye daftari la kliniki.

Mleta uzi
Kweli kabisa, napokea. Kwa presha na sukari daftari la wagonjwa ndilo zuri zaidi, maana dozi inajulikana. Tatizo ni kwamba zahanati nyingi hazina hilo daftari, kila mgonjwa anaandikwa upya kwenye kitabu cha 5 kama kaja leo kwa mara ya kwanza. Daftari la kaunta ni bei ya soda chache. Safu 5 zinatosha: jina, mtaa, dawa, dozi, tarehe ya kurudi. Asipoonekana wiki 1 baada ya tarehe, mhudumu wa afya wa jamii anapewa jina.

Jibu #2
Huyo mhudumu wa jamii naye analipwa na nani?