Katana (upanga wa Kijapani) ya kuagiza: tsuba (kinga ya mkono) inagonga, mpini unacheza. Nibadilishe mekugi (kigingi cha mpini)?

Mkata_Mkeka: Wakuu, bapa ni chuma 1060, mpini sentimita 27, mekugi moja. Ukitikisa, tsuba inagonga. Ukikata mkeka uliolowekwa, ule wa kufanyia mazoezi, mpini unasogea kidogo. Nikichonga mekugi nene zaidi itatosha? Na nitajuaje kama ngozi ya samaki taa imezungushwa mpini mzima au ni vipande tu?

Tarimbo: Acha kukata kwanza. Kinachoshika mpini ni mbao kulibana shina, yaani nakago. Mekugi inazuia tu usichomoke. Ukilazimisha nene, tundu la mbao linatanuka, halafu ufa unaanzia hapo.

Gonga mekugi kwenye ncha yake nyembamba itokee upande mnene, vua mpini. Paka nakago masizi ya mshumaa, rudisha mpini mpaka mwisho, vua tena, umulike ndani kwa tochi. Penye weusi ndipo panapogusa. Unataka weusi upande wa mgongo na upande wa makali, mdomoni karibu na fuchi (pete ya mdomo wa mpini) na kule shina linakoishia. Hapo pasipo na weusi bandika ubale wa mbao wa milimita 0.3 hadi 0.5 kwa gundi ya mbao, ujaribu tena baada ya kila ubale. Kwenye nyuso pana za shina usiweke: mpini ni nusu mbili zilizogundishwa, ukizisukuma toka ndani zinaachana. Na epoksi usimwage humo, labda kama hutaki kuvua mpini tena maisha yako yote.

Seppa_Tatu: Tsuba ni suala jingine, na ni rahisi. Ongeza seppa (kibati cha kukaza tsuba) ya shaba nene kidogo, au badilisha moja. Kipimo: mpini ukiwa umekaa, tundu la mbao na la nakago yapishane kwa unywele tu, ili mekugi ikiingia ivute mpini kuelekea tsuba. Ikigoma kuingia, seppa imezidi. Isugue kwenye msasa, usitoboe mbao.

Ngozi: chungulia kwenye madirisha yenye umbo la almasi kati ya mikunjo ya utepe uliozungushiwa mpini, kisha ubavuni kwa upande wa makali. Ukiona mbao tupu au mstari wa rangi ubavuni, ni vipande. Iliyozungushwa mzima huwa na mshono mmoja, na ikikauka inasinyaa na kuzikaza nusu zote mbili. Vipande ni urembo.

Mkata_Mkeka: Ubavuni ni mbao. Nikiongeza mekugi ya pili je?

Tarimbo: Mbili ni bima nzuri kwenye mpini mrefu, ila mbao ikiwa imelegea zitalegea zote mbili. Kwa kukata, mpini wa vipande ningeuundia upya. Mekugi iwe ya mwanzi uliokauka vizuri, nyuzi ziende kwa urefu, unene milimita 5 hadi 6, nyembamba kuelekea mwisho mmoja. Mwanzi ukivunjika, nyuzi bado zinashikana. Mti wa kawaida unakatika mara moja, na chuma kinakula mbao.

Seppa_Tatu: Angalia utepe pia. Ukiusukuma kwa kidole gumba na mikunjo ikahama, karatasi za pembetatu chini yake hazikuwekwa, au walibania. Hapo hata ukirekebisha ndani, mkono bado utateleza.