Mrejesho: jozi ndogo na karata za kufuatana mwanzoni mwa mashindano ya poka

Assalaam alaykum jamaa. Niliuliza kama inafaa kuingia na karata za kubahatisha (jozi ndogo, au karata za kufuatana za aina moja) mapema kwenye mashindano ya mtandaoni (chipu za bure, hakuna pesa), kila mtu akiwa na chipu 3,000 na blaindi (chipu ambazo wachezaji wawili hulazimika kuweka kabla ya karata kugawiwa) 15/30. Ahsanteni sana, hasa aliyetoa kanuni ya sehemu ya 20: usifuate kwa zaidi ya sehemu ya 20 ya chipu zako, yaani 150 kati ya 3,000.

Kwa jozi za 2 hadi 6 imefaa kweli. Mtu akipandisha hadi 90 nafuata. Akivuka 150 natupa. Karata ya tatu ya kufanana hutoka kwenye flopu (karata tatu za kwanza za mezani) takriban mara 1 kati ya 8 na nusu, kwa hiyo mpinzani naye lazima awe na chipu za kutosha kukufidia. Isipotoka, natupa bila kubishana. Wachezaji wa meza hizi hawaachii jozi ya ree hata uwapandishie vipi, na hapo ndipo faida ilipo.

Saba na nane za kopa, hapana, si ukiwa wa mwanzo kucheza. Flopu ikileta kopa mbili, karata inayofuata hukamilisha kopa tano kwa asilimia 19 tu. Mpinzani akiweka nusu ya fungu (chipu zilizo mezani) unahitaji asilimia 25 ili kufuata kulipe. Sasa naziingiza nikiwa mgawaji tu (anayecheza wa mwisho baada ya flopu), na wawili watatu wameshaingia kwa 30.

Ushauri wa kuendelea hivyo hadi blaindi zifike 75/150 nimeuacha: chipu 3,000 hapo ni blaindi kubwa 20 tu, na kufuata 350 kunakula zaidi ya sehemu ya 10.

Wenzangu wa Pemba, mtandao ukikatika karata zinatupwa zenyewe lakini blaindi zinaendelea kukatwa. Wekeni bando la akiba.