Mdogo wangu kalipiga msasa gitaa la marehemu baba, halafu naambiwa "ni gitaa tu"

Wakuu habari zenu. Nina hasira mpaka mikono inatetemeka, mnisamehe nikiandika ovyo.

Marehemu mzee wetu alikuwa mwalimu wa shule ya msingi Morogoro na alikuwa na gitaa kavu, lile lisilotumia umeme, Gallotone original lile la Afrika Kusini, wale wa zamani mnalijua galatoni. Alilinunua kwa mtu 1979, mwaka uleule mwanamuziki Mbaraka Mwinshehe alipofariki kwa ajali kule Mombasa, na mzee alikuwa hachoki kutuambia kwamba alilinunua kwa sababu ya ule msiba. Umeme ukikatika tunatandika mkeka barazani, mama anaimba, sisi watoto tunapiga makofi, yeye anapiga Mbaraka mpaka tunalala hapohapo.

Sasa pale kichwani, zinapokazwa nyuzi, kulikuwa na alama ya kuungua. Mzee alikuwa akipiga anachomeka sigara kwenye ncha za nyuzi. Usiku mmoja 1986 mama yuko hospitali, sisi tuko barazani tunasubiri, jirani akaja na baiskeli anapiga kelele mwalimu umepata mtoto wa kiume, mzee akaliweka gitaa chini akakimbia hivyohivyo na kandambili, sigara ikaunguza mbao. Nilikuwa na miaka saba, mimi ndo niliyeizima. Na huyo mtoto aliyezaliwa usiku ule ndo mdogo wangu ninayemlalamikia hapa.

Mzee alifariki 2011, gitaa likabaki kwangu, nalitundika sebuleni. Mwezi uliopita nikaenda msibani Dodoma siku nne, mdogo wangu na familia yake wakakaa kwangu, watoto wamefunga shule. Kijana wake wa miaka tisa akapanda kwenye sofa alishushe apige kama babu, likamponyoka likaanguka, shingo ikakatika. Ni mtoto, imetokea, mimi mwenyewe enzi zile nilishakata nyuzi zake mbili na mzee alinifundisha tu namna ya kufunga mpya. Kwa hiyo mtoto mumtoe kabisa kwenye hii habari.

Hasira yangu ni kwa watu wazima! Badala ya kunipigia simu wakamwambia mtoto anyamaze, wakalipeleka kwa fundi wa makochi mtaani, fundi wa makochi jamani, akamwaga gundi ya araldaiti akapigilia na misumari miwili, halafu ili mimi nisijue wakampa alipige msasa kichwa chote alipake vanishi. Nimerudi nakuta gitaa linang'aa. Nikageuza kichwa naitafuta ile alama haipo. Haipo wakuu. Nilidhani nimechanganyikiwa, nikawasha tochi ya simu nikapapasa na kidole, laini kabisa.

Na wala hawakuniambia, aliyeniambia ni mtoto mwenyewe, kaja chumbani analia, "baba mkubwa mimi ndo nimevunja, baba kasema nisiseme." Mtoto wa miaka tisa kabeba siri ya watu wazima siku tatu nzima!

Nilipokaza nyuzi tu, siku ya pili ule ufa ukaachia. Nyuzi sita za chuma zikikazwa sawasawa zinavuta zaidi ya kilo 60, misumari miwili itafanya nini hapo? Nikalipeleka kwa mzee mmoja mpiga solo wa zamani, akaniambia mngelegeza nyuzi, mkaokota vile vibanzi vyote, mkatia gundi ya kawaida ya mbao na kubana na jiriwa usiku kucha, lingeshika vizuri tu. Sa hivi araldaiti imeganda katikati, mpaka ikwanguliwe yote, na misumari ikitolewa mbao inaweza kupasuka zaidi.

Nikaandika kwenye grupu la familia. Majibu? Shemeji kasema namtisha mtoto kisa mbao. Shangazi kasema vitu vya dunia vinapita. Mdogo wangu kasema "bro nimeshalitengeneza, kama hulitaki ntakununulia jipya", akatuma na laki mbili. Hivi jipya alilipiga nani? Jipya liliunguzwa usiku gani?

Wakuu naomba kama kuna anayemjua fundi wa magitaa, sio wa makochi, Dar au Moro popote, anayeweza kutoa araldaiti bila kuharibu shingo, aje PM. Hela ntatafuta.

Na dogo kama unasoma hapa, na najua unasoma, ile laki mbili nimekurudishia leo asubuhi, angalia simu. Ile alama ilikuwa yako wewe. Njoo nyumbani tuongee, na uje na mtoto umwambie mbele yangu kwamba hakukosea kusema.